Kurasa za Radi

Fundi wa kuchapa nota za muziki hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na mkataba, wala hakuwa na mtu wa kumsemea. Sikio la kushoto alikuwa nalo, ila lilikwisha kufa.

Meno na sikio vilikuwa kazi ya kiongozi wa okestra, ambaye wapiga ala walimwita Radi. Radi hakutaka miwani, ingawa macho yake yalishindwa vya karibu. Nota zikiwa ndogo alirudi nyuma mpaka azione, kisha akaja mbele kumpiga aliyezichapa.

"Umenichapia sisimizi," alisema siku ile ya meno, kitabu cha nota bado mkononi. "Mimi naongoza watu au wadudu?"

Fundi akapanga upya. Alichagua karatasi pana, za kujaza stendi nzima ya nota. Ala zinazonyamaza aliziondoa ukurasani ili zinazopiga zipate nafasi. Kila ukurasa aliumalizia penye utulivu, Radi apate kuufunua bila kupoteza mapigo.

"Sasa unaanza kufanana na mtu," Radi alimwambia.

Asubuhi ya onyesho, kwenye mazoezi, ukurasa mmoja wa sehemu ya mwisho ukaishia tarumbeta zikiwa katikati ya kupiga. Radi alimwita fundi kwenye piano, akamwamuru aweke mkono, akaubamiza mfuniko. Vidole viwili vilivunjika.

"Sehemu yote ya mwisho, panga upya. Jioni niikute hapa."

Nyumbani mkewe alimfunga vidole kwa kitambaa. "Baba watoto, mpaka akuue ndiyo uache?"

"Asipoikuta jioni ataniua kweli. Nishikie rula."

Jioni hiyo Radi aliongoza vizuri kuliko siku zote. Ilipofika sehemu ya mwisho alirudi nyuma kidogo, kisha kidogo tena, macho yameganda kwenye ukurasa. Wapiga fidla walidhani ni utamu wa muziki. Kisigino kikakosa ubao. Alianguka chali kutoka jukwaani, shingo ikavunjikia kwenye kiti cha safu ya kwanza.

"Leo radi imepiga chini," mpiga ngoma alinong'ona. Wengine wote walisema alipandwa na muziki.

Baada ya mazishi fundi alimwandikia kiongozi mpya, kwa mkono ule mzima: "Pole kwa msiba, na hongera kwa kazi. Kitabu kiko tayari. Nota za sehemu ya mwisho nimezirudishia ukubwa wake."

Akalamba bahasha, akaibana vizuri, akaipeleka posta.