Kuku Maktabani

Kuku walikuwa wamefika hadi maktabani. Wazazi walipanga foleni langoni, kila mmoja na ingokho wake kwapani, kwa sababu simu zao ziliwaambia: "Leteni kuku mmoja kwa kila mwanafunzi. Naibu Mwalimu Mkuu."

Bwana Osundwa, naibu mwenyewe, hakuwa ametuma lolote. Wiki iliyotangulia ujumbe mwingine ulitangaza kwamba shule imefungwa, na nusu ya wanafunzi wakachukuliwa na wazazi hadi kwao Kabras kabla ya chakula cha mchana.

"Kuna mtu anaingia kwa akaunti yako," alisema mwalimu mkuu, Madam Mideva, akimfukuza jogoo mezani. "Ujumbe mmoja tu mwingine, na unaibu umekwisha. Umempa nani neno lako la siri?"

"Hakuna binadamu anayelijua, Madam! Hata mke wangu. Sijaliandika popote. Na tangu wiki jana nilishalibadilisha."

"Basi badilisha tena."

Osundwa alifunga mlango wa ofisi yake, akavuta pazia, akaifunika kibodi kwa koti. Akatunga neno refu lenye herufi kubwa, tarakimu na alama, kama walivyofunzwa kwenye semina. Kisha jasho jipya likamtoka: je, akilisahau?

Akamwita George, bingwa wa kompyuta wa kidato cha tatu.

"Ni wewe!"

"Si mimi, Mwalimu. Asubuhi zote mbili za ujumbe huo nilikuwa ukumbini kwa maombi. Si wewe uliyekuwa unatuongoza?"

Ilikuwa kweli. Osundwa akashika kichwa. "Kijana, nina watoto chuoni. Nitawaambia nini? Nisaidie."

George alimtazama kwa huruma kubwa. "Labda tuombe tu, Mwalimu."

Kesho yake Osundwa alipanda jukwaani macho yakiwa mekundu. Shule nzima ikainamisha vichwa. Akafumba macho na, kama kawaida yake, ulimwengu ukatoweka, wakabaki yeye na Mungu.

"Baba," alilia, machozi yakimtiririka, "adui amenizunguka! Ulinisaidia kukumbuka lile la kwanza, ukanisaidia na la pili. Usiniache nikalisahau na hili: fahali wa Malinya, yote yameshikana, F kubwa, tisa sifuri nne, mwisho alama ya kuuliza."

"Amina!" shule ikaitikia, na kalamu zikafunikwa.