Shahada ya Verdell Stallworth

Mara ya tatu alipoitwa ndipo bibi akageuka.

"Bi Verdell! Bi Verdell Stallworth!" Karani wa chuo alikuwa amesimama mlangoni, fomu mkononi. "Samahani, nilidhani nimekosea mtu."

"Masikio," Corliss akawahi kusema. "Shangazi yangu ana miaka themanini na tano. Ukitaka akusikie, piga kelele."

Bibi alimtupia jicho kali huyo binti wa kaka yake. Masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote.

"Tia sahihi hapa, kwamba umefika mwenyewe," karani akasema kwa sauti ya juu. "Kanuni zetu haziruhusu kumpa shahada ya heshima mtu aliyekwisha kufa." Akacheka kwa haya. "Tunamshukuru Mungu tumekuwahi."

"Mshukuruni," bibi akasema. Akaandika jina herufi moja moja, kama mtoto anayejifunza.

Sherehe ilikuwa katika jengo jipya, Kituo cha Haki ya Jamii, ambalo lilikuwa bado linanuka rangi. Ukutani palikuwa na picha kubwa kuliko gari: msichana mweusi wa miaka kumi na minane, glavu nyeupe, vitabu kifuani, na nyuma yake vijana wa kizungu wamefungua vinywa. Alabama nzima iliijua picha ile ya mwaka hamsini na saba. Msichana aliongoza kwa hesabu katika wilaya, na chuo kikampa nafasi kwa barua, kabla ya kuiona sura yake. Alikaa siku nne. Asubuhi ya tano akafukuzwa, eti kwa usalama wake. Waliomtupia mawe waliachwa darasani, wakasoma sheria, na wengine wakaja kuwa majaji.

Rais wa chuo, Dakta Pruitt, aliitazama picha, kisha akamtazama bibi, akatabasamu.

"Hujabadilika hata kidogo, Bi Verdell."

"Una macho mazuri, mwanangu."

Mwanafunzi mmoja mwenye nywele za kusuka alivuta kiti, akachuchumaa karibu na magoti ya bibi badala ya kukikalia. Alikuwa akiandikia gazeti la chuo.

"Bibi, siku ile uliyofukuzwa ulifikaje nyumbani?"

"Alirudi na kiatu kimoja," bibi akajibu.

Corliss akakohoa.

"Nilirudi na kiatu kimoja," bibi akasema. "Mama akachemsha maji ya chumvi, hakuuliza neno. Baba akakaa barazani na bunduki wiki nzima."

"Na baada ya hapo?"

"Jikoni." Bibi akaigonga sakafu kwa fimbo yake. "Hapa mlipojenga kituo chenu palikuwa na jiko la chuo. Miaka thelathini na mmoja ya kumenya viazi vya wanafunzi. Wavulana walikuwa wanakuja mlango wa nyuma na maswali yao ya hesabu. Wanafanyiwa, wanarudi darasani kuchukua alama."

Kalamu ya mwanafunzi ilisimama. "Mbona haya hayamo kwenye kitabu cha sherehe?"

"Najua hayamo. Nimekisoma."

Dakta Pruitt alihutubia dakika arobaini. Alisema chuo kikuu kisichopigania haki ni matofali matupu. Alisema chuo chake kimejisahihisha. Hakutaja aliyetia sahihi amri ya kumfukuza yule msichana. Alisema tu kwamba "mambo yalitokea," kama mtu anayesimulia mvua. Ukumbi ukapiga makofi. Bibi alikaa wima mbele yao wote, midomo ameibana, vidole vikiukandamiza mkoba.

Walipomvisha joho watu wote walisimama, na wengine wakalia. Yeye hakulia. Karatasi aliyokabidhiwa ilikuwa nzito kuliko alivyotarajia. Rais akamsogezea kipaza sauti.

Alikuwa ameandaa maneno mengi. Aliwatazama wale wasichana weusi waliojaa safu ya mbele, vitabu mapajani, wala hapakuwa na mtu wa kuwainua vitini.

"Mngeuliza mapema," akasema, akarudi kukaa.

Walishangilia kuliko walivyomshangilia rais wao.

Nje kwenye nyasi meza zilikuwa zimeandaliwa. Dakta Pruitt mwenyewe akamvutia kiti.

"Sili hapa," bibi akasema.

"Jamani, Shangazi, ni kuku tu," Corliss akamnong'oneza. "Tangu asubuhi hujatia kitu tumboni."

"Nimesema sili. Kwetu chakula cha hapa kilipikwa tu, hakikuliwa. Washa gari."

Waliendesha hadi kwenye kanisa dogo la mbao nje ya mji. Corliss alitaka kumshika mkono, bibi akakataa. Alitembea peke yake katikati ya makaburi, joho likiburuza kwenye vumbi, mpaka kwenye moja ambalo udongo wake ulikuwa haujaota nyasi. Akavaa miwani, akaikunjua ile karatasi, akaisoma kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, na majina ya waliotia sahihi akayasoma pia. Kisha akalivua joho, akalitandaza juu ya tuta, akalinyoosha mikunjo kwa viganja vyake viwili.

"Umehitimu, Verdell," akamwambia dada yake. "Barua yao ya shahada ilichelewa siku tisa tu."