Bawabu wa Kiboko

Palikuwa na Punda mwenye masikio marefu. Siku moja alimtembelea shoga yake Kiboko, aliyeishi chini ya maporomoko. Mchana ngurumo ya maji ikamkosesha Punda usingizi, ilhali mwenyeji wake anakoroma.

"Masikio gani haya, kama vifungo vya shati!" Punda akacheka.

Ghafla Kiboko akakurupuka, akajitosa majini, akamtoa mwanawe aliyekuwa akisombwa na mkondo.

"Kwani amelia saa ngapi?" Punda akashangaa. "Mbona mimi sikumsikia?"

"Masikio hupokea kila kitu, shoga. Ila mimi kichwani nina bawabu. Maji huyaacha mlangoni, niwapendao huwafungulia."

Kiboko akalala tena. Punda akaingiwa na wivu, akanong'ona, "Shoga."

"Abee," akaitika Kiboko, katikati ya mkoromo.