Trekta Katikati ya Njia ya Ndege

Nilikuwa nimeshika mkasi wakati mwenyekiti wa kamati ya shamba alipoegesha trekta lake katikati ya njia yetu ya ndege na kuzima injini.

Mkasi ulikuwa wa shati la mwanafunzi wangu, Achola. Klabuni kwetu, mwanafunzi akirusha ndege peke yake mara ya kwanza, tunakata kipande cha mgongo wa shati lake na kukitundika ukutani. Achola alikuwa angani, upande wa mlima Menengai, ndani ya ndege pekee tuliyobaki nayo.

"Ondoa trekta, mzee. Kuna mtu juu."

"Hapa ni pa viazi." Akatia ufunguo mfukoni mwa koti. "Niliwaambia tangu Januari. Watoto wa mtaa wa Bondeni mnajifanya marubani kwa shamba la watu!"

"Hajawahi kutua kwingine."

"Basi aende akajifunzie Naivasha." Akacheka, meno yote nje.

Redio yangu ya mkononi ikakoroma. "Mwalimu, naanza kushuka. Umeona vile nimekata kona?"

Ngumi yangu ilikuwa imeshakunjwa. Nikaikunjua, nikamtia mwenyekiti redio mkononi.

"Bonyeza hapo, umwambie mwenyewe. Anza na jina lako, amjue anayemkataza kutua."

Kicheko kikamkatika. Ndege ikatokeza juu ya migunga, ndogo, nyeupe, ikielekea kwetu.

"Mwalimu? Hiyo ni trekta?"

Mkono wa mwenyekiti ukaanza kupapasa koti kutafuta ufunguo, mfuko wa kulia, halafu wa kushoto, halafu tena wa kulia.