Kura Moja ya Makanyagio

Enoka alitia alama ya vema kwenye picha ya mtu ambaye yeye mwenyewe alimsema vibaya mwaka mzima. Akakunja karatasi, akaitumbukiza sandukuni, akatoka nje ya darasa bila kumtazama mtu.

Haya, ndiye huyo mwanamume aliyeutikisa mtaa wa Makanyagio! Ndiye aliyewaita majirani uani kwake, akawaeleza kwamba sheria imebadilika. Zamani mgombea urais alikuwa mmoja, unamtaka au humtaki, basi. Safari hii wapo wanne, na kura ni siri. Serikali iliyoacha bomba la mtaa likauke na zahanati ikae bila dawa, alisema, kelele imezizoea, sasa tuitie adabu kwa kura. Wote waliapa kumpa kura mgombea mmoja wa upinzani. Hata Mzee Kassiani, balozi wa nyumba kumi wa chama tawala, alipita akasimama pembeni kusikiliza, halafu akauliza swali moja tu.

"Na kweli hawawezi kujua?"

Enoka alimjibu kwa majivuno kwamba hawawezi, na watu wakacheka wakisema balozi kaja kupeleleza.

Lakini leo Kassiani alikuwa ameketi mle darasani, wakala wa chama chake, akimtazama kila anayeingia. Karani naye aliandika namba ya shahada ya Enoka ya kupigia kura polepole mno. Enoka akamkumbuka binti yake Scola, anayesubiri barua ya balozi ili aende chuoni. Hofu ikamshika, na mkono ukaenda ulikokwenda.

Jioni msimamizi alisimama mlangoni akasoma matokeo. Yule mpinzani waliyeapa kumchagua alikuwa amepata kura moja. Moja!

Enoka alitamani ardhi immeze. Kabla hajaondoka, Mwandu, mfugaji wa jirani, alimshika mkono na kumnong'oneza kwamba aliogopa, ana ng'ombe na watoto, amsamehe. Dorice muuza dagaa alikuja analia kabisa. Wakafuatana hivyo hivyo, kila mtu na woga wake, na kila mtu akimaliza kwa kumsifu.

"Baba Scola, mtaa huu mwanamume ni wewe peke yako," Mwandu alisema. "Sisi wengine tumekuaibisha."

Aibu ilimchoma Enoka kuliko kama wangemtukana. Yeye ndiye aliyewaapisha, yeye ndiye aliyegeuka, na sasa anakula heshima ya mtu asiyemjua. Hapana, akajiambia, nitawaambia wote sasa hivi, liwalo na liwe.

Akageuka kuwafuata. Mzee Kassiani akamkuta penye kona ya darasa, akamvuta pembeni.

"Ile kura si yako, Enoka," alisema kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo walikuwa wanaona! Enoka akakiri palepale, akasema si yake kweli, na kwamba ndiyo anakwenda kuwaeleza wenzake.

Balozi alimkamata bega.

"Usithubutu, mwanangu. Zipokee tu hizo sifa. Wakianza kumtafuta mwenye kura yake, mimi nimekwisha."