Chungu cha Bwana Harusi

Wapishi wa mji walileta barua zao za kuomba kazi ya harusi, na ya Shemsa ndiyo iliyokuwa na bei kubwa kupita zote. Shangazi wa biharusi aliisoma huku akitabasamu.

“Wenzako wameandika vyakula tu, mwanangu. Wewe umemwahidi bwana harusi chungu chake peke yake, pilau isiyo na karafuu, maana humchafua tumbo. Kazi ni yako.” Akatia sahihi, akamrudishia karatasi. “Lakini ulijuaje?”

“Nampikia tangu aliponioa,” alijibu Shemsa, akiikunja taratibu. “Malipo tu ndiyo sijawahi kuyaona.”

Pale mkekani, biharusi aliyekuwa akijaribu viatu vipya alibaki na kimoja mguuni, kingine mkononi.