Fisi Amuuzia Mkewe Uwanja

Wanyama walipoanza kupenda mpira kuliko chakula, Fisi, mwenyekiti wa timu ya Bondeni, alilitamani kombe la ng'ambo ya mto, akamsajili Duma kwa bei ya kufuru. Lakini wenye kombe walikuwa na sheria ya kikatili: timu isitumie zaidi ya inachoingiza. Fisi, bingwa wa akili, akamuuzia mkewe uwanja wa timu kwa bei kubwa zaidi. Mkewe hakutoa hata senti. Alitia saini tu.

Nungunungu, mkaguzi wa kombe, akasoma karatasi. "Hongera, Mwenyekiti. Mmeingiza zaidi ya mlichotumia. Karibuni kombeni."

Fisi akacheka masika yote.

Siku ya mechi akakuta geti lina kufuli, na ndani mahindi yamestawi hadi golini.

"Mke wangu, fungua, wageni wamefika!"

"Baba Machepele, shamba ni langu," alijibu mkewe. "Au nimwambie Nungunungu kwamba uliniuzia kwa uongo?"

Fisi akawarudisha wageni, na timu ikatolewa kombeni kwa kukosa uwanja. Duma, mshambuliaji ghali kuliko wote, sasa anafukuza ndege kwenye mahindi. Mashabiki wanasema tangu asajiliwe hajawahi kuonyesha kiwango kama hicho.